Maneno Niliyomtia Mzungu Mdomoni

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la sita, nikaosha magari Nakuru, nikaendesha lori la mchanga, nikaibiwa kila kitu, nikaanza upya, nikajenga. Leo nikikuonyesha nyumba zangu nne za kupangisha, zote za mawe, zote maji ndani, utauliza nani alinisomesha. Hakuna. Nilijisomesha kwa kuangalia watu. Na sijaangalia watu mahali popote kama Saudia, miaka ile ambayo kila ofisi Nairobi yenye meza moja na kalenda ukutani ilikuwa inapeleka watu Arabuni. Wengi tuliopanda nao ndege walikuwa vijana, wanalia. Mimi nilikuwa na miaka arobaini. Nilikula chakula changu, nikaomba kingine, nikaletewa.

Jeddah nilifikia mtaa wa Al-Nuzha, dereva wa nyumba. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini viza, alikuwa mzee mfanyabiashara wa vigae, aliyefiwa na mkewe, miguu mibovu, ulimi mkali. Nilimwita baba kama walivyomwita wafanyakazi wote. Alikuwa amesoma Marekani ujanani, na mbali na Kiingereza, alichorudi nacho kutoka huko ni ugonjwa wa sinema za zamani. Hakutaka zile za watu kuruka juu ya maghorofa. Yeye alitaka za nyeusi na nyeupe, ambazo watu wamevaa suti hata wakiwa chumbani kwao. Siku hizo Saudia haikuwa na majumba ya sinema, kwa hiyo mzee aliagiza diski kutoka nje, na mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua.

Siku moja akalifungua kasha moja mbele yangu kama mtu anayefungua dhahabu.

"Unaona? Wameisafisha upya. Nilipoiona mara ya kwanza, picha ilikuwa kama mvua inanyesha ndani. Sasa unaweza kuhesabu vifungo vya koti. Keti."

"Baba, gari bado halijaoshwa."

"Keti, nimesema. Sitaki kucheka peke yangu kama kichaa."

Nikaketi kwenye zulia. Ilikuwa hadithi ya mtu na mke wake, matajiri, wameoana miaka mingi, na kila mmoja anaamini mwenzake ana mtu wa nje. Mwanamume anaaga kwamba anaenda kuvua samaki mbali, kumbe amechukua chumba katika hoteli mtaa wa pili. Mwanamke naye ana daktari wa meno anayemsifia meno kuliko inavyohitajika. Mzee alicheka mpaka nikamletea maji. Mimi nilicheka pale alipocheka yeye. Kiingereza cha wale watu ni cha mbio, wanazungumza kama wanafukuzwa, na nitasema ukweli: katika maneno matano nilikuwa nashika moja. Lakini uso wa mtu hauhitaji kamusi. Nikajiona nimeielewa yote.

Mzee alikuwa amenunua mbili. Ya pili ilikuwa zawadi ya binti yake aliyeolewa Riyadh. Kila mwezi tulienda Riyadh kwa gari, kwa sababu ghala lake kubwa lilikuwa huko na ndege alikuwa haiamini. Safari hiyo akaibeba diski mapajani njia nzima. Binti akaiangalia akacheka kwa adabu. "Baba, hata mashine ya kuichezea sina. Siku hizi nani anatumia diski?" Mzee akaichukua tena diski yake. Tulipofika kwenye gari akanitupia.

"Halas, basi. Chukua wewe. Wewe angalau ulicheka."

Hivyo ndivyo nilivyoipata.

Ijumaa yangu ya mapumziko nilikuwa naimalizia Ruwais, upande wa baharini, ambako mlinzi mmoja wa jengo, mtu wa kwetu, alikuwa amepanga chumba na wenzake wawili. Walikuwa na televisheni kubwa na deki waliyookota ikiwa nzima, maana huko watu hutupa vitu vizima. Baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunajaa humo wanaume kama kumi na tano, madereva, walinzi, watu wa mjengo, miguu ya huyu mgongoni mwa yule. Na mimi ndiye nilikuwa DJ.

Hapa nimfafanulie mtu ambaye hakukulia kwetu. Katika vibanda vya video vya Kenya, sinema ya Kizungu au ya Kichina haiachwi ijisemee. Anasimama mtu na kipaza sauti na kuitafsiri kwa Kiswahili. Anawapa watu wa sinema majina ya mtaani, anawasemea wote, mwanamume na mwanamke, na yeyote aliyefungua mdomo pale kwenye kioo, DJ anasema "mimi". Kama maneno yake ndiyo yaliyosemwa kweli au siyo, hakuna anayeuliza. Kinachoulizwa ni kama watu wamecheka. Kazi hiyo niliifanya Nakuru nikiwa na miaka ishirini, kwenye kibanda nyuma ya soko, na watu walikuwa wanapita vibanda vingine viwili ili waje kunisikia mimi. Ruwais tulipunguza sauti ya televisheni hadi karibu na sifuri, kwa ajili ya majirani, nikatumia koo langu tu.

Ijumaa ya kwanza nilipoweka ile diski, manung'uniko yalianza kabla ya dakika kumi.

"Wee buda, steringi ni nani?"

"Ndiye huyo mwenye kofia."

"Na bunduki yake iko wapi?"

"Subiri."

"Tusubiri nini? Watu wanakunywa chai tu. Hii ni harusi ama ni muvi?"

Mtu asiye na kipaji angezima. Mimi nikaingia ndani ya ile sinema kama fundi anavyoingia chini ya gari. Yule tajiri nikamgeuza dereva wa Jeddah. Mke wake nikamweka Nakuru. Daktari wa meno akawa fundi wa mabati. Basi chumba kikawaka! Ikafika sehemu moja ambayo yule mwanamume anaingia kwenye kibanda cha simu, anafunika mdomo kwa leso, anazungumza na mtu tusiyemwona, na anatabasamu tabasamu la wizi. Picha inakaa hapo hapo, uso wake tu, muda mrefu. Nafasi kama hiyo DJ huiota. Nikashusha pumzi nikasema:

"Haloo, mpenzi wangu wa roho! Ni mimi. Usiogope, mama watoto hajui kitu. Nimemwambia niko Riyadh kikazi, na ameamini. Yule nikimwambia jua ni la bluu, anaitikia ndiyo. Weka nyama jikoni, Ijumaa nakuja kwako."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. "Rudia! Rudisha nyuma!" Nikarudia mara tatu, kila mara nikiongeza chumvi.

Sasa, kulikuwa na dada zetu. Wasichana na akina mama wa Kenya waliokuwa wanafanya kazi za ndani, wengi wao hawana siku ya kutoka, mlango wa mbele wanauona wakati wa kuufagia tu. Hao hawangeweza kuja Ruwais, na hata wangeweza, isingefaa wakae chumba kimoja na sisi. Wakaomba kupitia kaka zao: turekodieni sauti tu, tutasikiliza tukipiga pasi. Kwa hiyo kila Ijumaa mlinzi alikuwa anaweka simu yake kando yangu na kurekodi, kisha anakata vipande vya dakika moja moja vinavyopenya kwenye mtandao hafifu. Niliambiwa kuna nyumba huko Al-Nuzha madam alimkuta msichana wake akicheka na pasi imeunguza shuka. Nilijivunia hilo kuliko mshahara.

Lakini kipande cha sauti hakina picha.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Riyadh tena na mzee, nje ya ghala, saa za asubuhi, nafuta vumbi kwenye kioo. Simu ikalia. Mke wangu. Yeye huwa hapigi, mimi ndiye hupiga.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Niko Riyadh. Kikazi."

Akabonyeza kitu. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu yake, wazi kabisa, kwa raha zote: mpenzi wangu wa roho, usiogope, mama watoto hajui kitu, nimemwambia niko Riyadh kikazi.

Nikakikamua kile kitambaa cha vumbi kama kimelowa.

"Hiyo ni sinema," nikasema.

"Sinema."

"Natafsiri sinema. Mzungu anaongea na simu, mimi namsemea."

"Huyo Mzungu ana mama watoto? Huyo Mzungu anaenda Riyadh?"

"Niliongeza ladha, mama watoto."

"Na hao wanaume wanaocheka nyuma, nao ni Wazungu? Umeketi na wanaume wenzako, unampigia mwanamke mbele yao, unawaambia mimi nikiambiwa jua ni la bluu naitikia. Wanacheka. Wewe unarudia! Unajua nani ameniletea hii? Mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Dada yake yuko kazini huko huko. Ameicheza mbele ya wanawake kumi na wanane, nimeshika kikombe cha chai."

"Nakuapia."

"Usiape. Nguo za watoto nimeshafunga. Jumamosi tunaenda kwetu. Funguo za hizo nyumba zako nitamwachia mama yako."

Mke wangu ni mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache, na kidato cha nne alimaliza, tena vizuri. Akisema Jumamosi, ni Jumamosi. Nilimsihi kwa lugha ambayo sijawahi kumsihi nayo polisi wa barabarani. Mwisho nikamwambia: kuna mlinzi wa jengo huko Ruwais anayo hiyo diski, na kuna mtu anasafiri kesho kurudi Kenya. Itazame kwa macho yako. Umwone huyo Mzungu, uone hicho kibanda cha simu, ndipo uende ukitaka.

Akafikiria. "Ilete," akasema, akakata.

Diski ilisafiri Alhamisi ndani ya soksi za mtu. Ijumaa jioni ilikuwa Nakuru. Mimi nililala vizuri kabisa, sababu ushahidi nilikuwa nao, na mtu mwenye ushahidi hana wasiwasi. Jumapili akapiga.

"Nimeiona."

"Si nilikwambia?"

"Nimeiona mara mbili. Ya pili nilimwita dada yangu tusikilize pamoja. Ule ni Kiingereza cha kasi lakini ni kizuri. Kibanda kipo. Leso ipo."

"Asante Mungu."

"Yule mtu hampigii mwanamke wa nje. Anampigia mke wake mwenyewe."

"Ati?"

"Amebadilisha sauti kwa leso, anajifanya mtu mwingine, anamtongoza mke wake aone kama atakubali. Ana wivu, maskini. Na mwanamke ameshamtambua kwa kukohoa kwake, anamkubalia makusudi ili amkomeshe. Ndiyo raha ya sinema yote. Hakuna mama watoto hapo. Hakuna mpenzi wa roho. Hakuna jua la bluu. Sasa niambie, hayo maneno uliyatoa wapi?"

Ushahidi wangu nilikuwa nimeutuma mwenyewe, kwenye soksi, na ulinigeukia.

Nikajaribu kumweleza kazi ya DJ. Akasema anaijua, amekulia Nakuru. Alichouliza ni kingine: mtu huchota maji kwenye kisima kilicho karibu naye, kisima hicho ni kipi? Nikamwambia ukweli. Nikamwambia chumba chetu cha madereva tulilala wanne, na kila siku nasikia watu wakipiga simu mbili, moja ya nyumbani na moja ya pembeni, na maneno ni yale yale, nimeyazoea kama adhana. Sikuyatunga. Nilikuwa nayo tayari.

"Na ulipowasikia ulifanya nini?"

"Nilicheka."

"Kama wale walivyocheka kwako."

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Mimi siwezi kuamini sauti tena," akasema. "Sauti yako imeshaniambia mambo mawili. Njoo uitafsiri hiyo sinema mbele yangu nikikutazama usoni. Nakungoja hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo usinitafute."

Kwenda kwa mzee kuomba ruhusa ilibidi nimweleze kisa chote, nusu Kiarabu, nusu mikono. Alinisikiliza amekunja uso. Nilipofika kwenye simu, akafungua macho.

"Nani alikwambia ni hawara? Anampigia mke wake!"

"Sasa najua, baba."

"Tumeitazama pamoja mara nne. Ulikuwa unacheka nini?"

"Nilikuwa nakufuata wewe, baba."

Akacheka hadi akakohoa, akajipiga goti bovu, kisha uso ukamtulia. Akaangalia dirishani kidogo. Akasema likizo yangu kwa mkataba bado miezi tisa, kwa hiyo tiketi ni juu yangu, na mshahara wa siku ambazo sipo, mafi, hakuna. Lakini karatasi za kutoka na kurudi atazitia sahihi leo leo. "Yalla, nenda," akasema. "Mimi ningekuwa na wa kumpigia, ningeenda kwa miguu."

Nilifika Nakuru siku ya kazi, saa nane mchana. Watoto shuleni. Mlangoni kulikuwa na mifuko miwili mikubwa imefungwa kamba, nikaipita kana kwamba sijaiona. Mke wangu alinipa chai, hakunipa mkono. Alivuta mapazia ili kioo kionekane, akaweka diski, akazima sauti kabisa, akakaa kiti cha pembeni ambako angeniona mimi zaidi ya televisheni.

"Anza."

Nikaanza. Nitajisifu hata hapa: nilikuwa mzuri. Fundi wa mabati alimnyanyua pembe moja ya mdomo. Lakini kibanda cha simu kilikuwa kinakuja, nami nilikuwa nakihesabia. Mzungu akaingia, akafunga mlango, akatoa leso. Nikafungua mdomo. Yale maneno ya wenzangu yalikuja yote, yamejipanga mstari. Nikayameza. Nikatafuta mengine, sikuwa nayo. Mzungu anaongea, anatabasamu, midomo inacheza, na DJ kimya. Kwenye kibanda nyuma ya soko ningeshatupiwa viatu.

Ndipo mke wangu, macho yakiwa kwenye kioo, akasema taratibu:

"Haloo. Nani mwenzangu?"

Nikamtazama. Hakunitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Mimi nani? Hapa wanapiga wengi."

"Mtu mmoja amekuona ukipita. Amependa mwendo wako."

"Pole sana. Mimi nina mume. Yuko Saudia, anamwendesha mzee mmoja."

"Huwa anakupigia?"

"Sana. Anauliza saruji imefika? Fundi amekuja? Mpangaji wa chumba cha tatu amelipa? Halafu anasema amechoka, anakata." Hapo sauti yake ikapungua. "Miaka kumi na minne. Neno mpenzi nililisikia kwake mara ya kwanza kwenye simu ya mweka hazina."

Nimepigwa maishani mwangu, na mgambo, na mitungi ya pombe, na hata punda. Hilo lilinipata penyewe. Nikagundua alikuwa ameshaamini zamani kwamba hakuna mwanamke Jeddah. Kilichomuuma ni kwamba maneno matamu ninayo, na ninayagawa bure kwa wanaume kumi na tano Ruwais, na yeye ananunuliwa saruji.

"Mwambie huyo mume wako," nikasema, "ni mjinga."

"Mwambie mwenyewe, mna sauti moja."

"Mwambie akirudi Jeddah atapiga kila Ijumaa kabla hajaenda kwa wanaume. Na asiulize saruji."

"Atauliza nini?"

"Atauliza umevaa nini."

"Mshenzi wewe," akasema, na akacheka, kile kicheko chake cha pua anachokificha kwa kiganja. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo. "Amekata simu, ongea! Mwanamke anavaa kofia, unanyamaza nini?"

Nikaongea. Nikaimaliza sinema yote, akinisahihisha kila mahali, na mwisho wale wawili wakapatana kwenye ngazi za hoteli, na yeye akainuka kwenda kufungua kamba za ile mifuko kabla watoto hawajarudi kuulizia nguo zao za kucheza.

Nilikaa wiki tatu, nikarudi Jeddah. Wanaume wa Ruwais waliponiuliza kama ilistahili kusafiri kote huko kwa sababu ya kipande cha dakika moja, niliwaambia ndiyo, kisha nikawatajia bei bila kuficha, tiketi, viza ya kutoka na kuingia, teksi na mshahara niliokatwa: riyali elfu tatu, mia tatu na themanini na tano.